Mshubiri Kwenye Mkebe wa Rangi

Mhadhara wa wazi uliotolewa Mashimoni, Kibera, Nairobi



Nimeombwa nizungumzie mimea adimu ya porini, ile yenye majani au mashina manene yanayoweka akiba ya maji: mishubiri, yuforbia, mikonge mwitu na jamaa zao. Wauza miche wa Ngong Road huiita sakulenti, nami nitafuata lugha yao. Mwenyekiti aliponipigia simu alisita kidogo. "Mwalimu," akasema, "watu wa huku wanapanga foleni ya maji na mitungi mkononi, wewe utakuja kuwaeleza habari za maua?" Nikamwambia siji na habari za maua, naja na habari za biashara. Ni biashara inayoanzia kwenye mwamba fulani Baringo au Taita, ikaishia kwenye dirisha la mtu Ulaya, Asia au hapa Kileleshwa. Katikati yake wamo watu wa mitaa kama Mashimoni na Kawangware: wachimbaji, wabebaji, na wale wanaomwagilia bustani za wenzao kwa ujira wa siku. Hao ndio hupata senti chache kuliko wote, na ndio walio karibu zaidi na pingu.

Tuanze na kitu ambacho hakuna asiyekijua hapa. Katika vichochoro vya Kibera hukosi mkebe wa rangi wa lita nne, umetobolewa chini, umejazwa udongo, na ndani yake mmea ambao kila mtu huuita alovera. Ukiinama na kuutazama vizuri, mara nyingine siyo alovera. Alovera yenyewe ina majani yaliyosimama, ya kijani chenye ukijivu, na maua ya njano. Ule mwingine umejitandaza chini, majani yake ni ya kijani kilichokolea na yanang'aa, miiba ya pembeni ni ya kahawia, na ukichanua utaona maua yake ya uwaridi yamegeukia yote upande mmoja wa tawi. Huo ni Aloe secundiflora, mshubiri wa nyika zetu. Ndio ambao wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji hukata jani lake na kulitumbukiza kwenye maji ya kunywa wakiogopa kideri. Maji yanageuka manjano, kuku wanayaonja, wanatikisa vichwa, kisha wanakunywa tu kwa kuwa hakuna mengine.

Alovera ni mgeni kutoka Bara Arabu. Mshubiri huu wa kuku ni mwenyeji, na ndugu zake ni wengi, kwani Kenya ina aina za mishubiri zinazokaribia 60, baadhi hazipatikani kwingine duniani. Mkataba wa CITES wa kudhibiti biashara ya viumbe wa porini, uliotiwa saini mwaka 1973, nasi tukaingia mwaka 1978, umeorodhesha mishubiri yote ulimwenguni isipokuwa alovera peke yake. Watu huuliza kwa nini mmea uliojaa tele kando ya barabara ya Kajiado ulindwe pamoja na ule uliobaki kilima kimoja. Jibu liko kwa afisa wa forodha. Mfungulie sanduku lenye miche ishirini isiyo na maua, umwambie atenge ya kawaida na adimu. Hawezi. Hata mtaalamu aliyesomea jambo hilo anaweza kukwama mpaka maua yatoke. Kwa hiyo ukoo mzima unalindwa ili wale wachache wapone.

Sasa, mimea hii imeumbwa kuvumilia ukame unaoua ng'ombe. Inakuwaje iwe dhaifu hivyo mbele ya binadamu?

Mmea wa kawaida hufungua vitundu vya majani yake mchana ili uvute hewa ya ukaa, na papo hapo maji yake yanatoroka na joto. Sakulenti wengi huifanya kazi hiyo usiku, kukiwa na baridi, wakaiweka hewa hiyo ndani kama asidi mpaka jua lichomoze. Wanaokoa maji, lakini wanalipa kwa muda, maana ukuaji wao ni wa polepole sana. Kimea cha ukubwa wa ngumi kinaweza kuwa na umri wa mtoto anayemaliza shule ya msingi. Tena mizizi ya wengi wao iko juujuu, imekaa tayari kunyonya manyunyu ya dakika kumi. Pigo moja la jembe, mmea umetoka mzima. Ukishatoka, unaweza kukaa ndani ya gunia wiki kadhaa bila tone la maji na usife. Mwizi wa samaki hukimbizana na barafu. Mwizi wa sakulenti hana haraka. Sifa ile ile iliyouokoa mmea na kiangazi ndiyo inayomfaa anayeutia kwenye boksi la viatu na kuupeleka posta.

Lipo na jambo lingine, ambalo mimi naliona zito kuliko hayo yote. Mishubiri mingi haizai na nafsi yake. Chavua ya mmea wenyewe, au ya kichipukizi kilichong'olewa ubavuni mwake, haishiki. Lazima ndege chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, atoke kwenye mshubiri huu aende kwa mshubiri wa damu nyingine. Ikivunwa mpaka ikabaki mmoja mmoja, huu huku na ule ng'ambo ya bonde, chozi hana sababu ya kufunga safari. Mtu akienda kukagua bado ataiona mimea, atapiga picha, ataandika kwenye ripoti kwamba ipo. Aangalie chini yake kama kuna mche hata mmoja. Mmea unaweza kuwa umeshapotea na sisi bado tunauhesabu.

Biashara yenyewe ni ya kale. Pwani, mama aliyetaka kumwachisha mtoto ziwa alijipaka shubiri, na mtoto akajifunza mapema kwamba dunia ina uchungu. Shubiri ya kisiwa cha Sokotra ilisafiri kwa majahazi kwa karne nyingi, na wafamasia wa Ulaya na Marekani waliifahamu "shubiri ya Zanzibar", ambayo wakati mwingine iliwafikia ikiwa imefungwa ndani ya ngozi za tumbili. Sijui leo mkaguzi wa forodha angeanza kushtaki kipi, shubiri au ngozi.

Huku bara, ugemaji umejikita Baringo, Laikipia, Samburu na Turkana. Mgemaji hukata majani, huyapanga yameinamia ndani ya beseni, na utomvu wa manjano unachuruzika. Kisha huchemshwa hadi uwe mzito, na ukipoa unaganda kuwa bonge jeusi linalong'aa. Dalali hulinunua kwa kilo na kulipeleka linakokwenda, kwenye viwanda vya dawa za tumbo na vipodozi ng'ambo. Mgemaji mwenye subira huacha majani ya katikati ili mmea upumue. Mwenye njaa hukata yote. Mwenye njaa zaidi hung'oa na shina.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini. Nia ilikuwa njema na sina ugomvi nayo. Lakini marufuku ilikuja peke yake, haikufuatana na shamba, mche wala soko lingine. Utomvu haukuacha kutoka, uliacha kuandikwa. Mgemaji akawa mhalifu, dalali akampunja kwa kuwa hawezi kwenda kushtaki popote, na kwa kupunjwa akalazimika kukata mimea mingi zaidi ili apate fedha zile zile. Ilichukua zaidi ya miaka 20, hadi mwaka 2007, kupata kanuni maalumu za mishubiri, zilizofungua mlango kwa wanaoipanda shambani na kuuza kwa kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS. Huko Koriema, Baringo, kilijengwa kiwanda kwa msaada wa Umoja wa Ulaya ili wenyeji wasindike utomvu wao kisheria, lakini kikasuasua. Kilichonitia moyo zaidi ni kazi ya akina mama wa Kimaasai wa Twala, Laikipia. Wamepanda secundiflora kwenye ardhi iliyokuwa imechakaa, na majani yao yamewahi kununuliwa na kampuni ya sabuni na vipodozi ya Uingereza, Lush. Wanakata majani ya nje, mmea unabaki. Hawakufundishwa kuupenda mshubiri. Walipata mnunuzi anayelipa kwa jani na asiyelipa kwa mzoga.

Hayo ni ya mshubiri wa kawaida. Ile adimu yenyewe ina adui wa aina nyingine, naye ni yule anayeipenda.

Kuna kimea kinachotambaa kwenye nyika kavu za Kenya, kimejaa miiba midogo, kikiwa hakina ua huwezi hata kukitazama mara mbili. Jina lake ni Edithcolea grandis. Kikichanua, kinatoa nyota ya pembe tano pana kama kiganja, ya rangi ya maziwa yenye madoa mekundu yaliyopangika kwa ufundi wa zulia la Uajemi, na harufu ya nyama iliyooza. Harufu hiyo ni ya kuwaita nzi, ndio wachavushaji wake. Wakusanyaji wa mimea duniani wamekililia kwa miaka mingi, ingawa ni maarufu kwa kuwafia mikononi. Mtu ananunua, kinaoza, ananunua kingine.

Ili kujua mambo haya yanaweza kufika wapi, tutazame Afrika Kusini. Kule magharibi, kwenye nchi kavu inayopakana na Namibia, kuna vimea viitwavyo Conophytum, vidogo kama vifungo vya koti, kila aina na mwamba wake. Kuanzia mwaka 2019 mahitaji ya vimea hivyo yalipanda ghafla, na Korona ilipowafungia watu majumbani mwaka 2020 wanunuzi wakaongezeka, hasa Asia ya Mashariki, Ulaya na Marekani, wakiagiza kwa simu. Kwa miaka michache maafisa wamekamata mimea zaidi ya milioni moja. Hiyo ni iliyokamatwa. Wachimbaji walikuwa nani? Vijana wa vijiji ambako migodi imefungwa na kazi hakuna, wanatumiwa picha kwenye simu na kuambiwa, tafuta hiki. Mkusanyaji hawajui, nao hawamjui. Na mimea ikishakamatwa mingi hairudi ilikotoka, kwa sababu hakuna anayejua ni mwamba gani, na ukiirudisha kwa kubahatisha unaweza kupeleka ugonjwa kule ulikokuwa haujafika.

Msifikiri hayo ni ya mbali. Aprili 2025, vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa Naivasha na malkia wa chungu wavunaji wa mbegu, wapatao 5,000, wakiwa ndani ya vichupa vyenye pamba. Mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA iliwatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha mwaka mmoja. Tulizoea kusikia pembe za ndovu na za faru; sasa soko limeshuka hadi kwa sisimizi. Anayeweza kuuza sisimizi kwenye mtandao hatashindwa kuuza kimea kisichohitaji hata kulishwa safarini.

Na kabla ya hapo, mwaka 2022, mibuyu mizima iling'olewa Kilifi ipelekwe Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi, ikapambe bustani. Mbuyu nao ni mmea wa akiba ya maji, tofauti ni kwamba tangi lake ni shina lenye upana wa nyumba. Wenye mashamba walilipwa kati ya shilingi 100,000 na 300,000 kwa mti, kama ilivyoripotiwa wakati ule, na wengi waliona ni bahati, maana walitaka nafasi ya kulima mahindi. Novemba mwaka ule Rais William Ruto aliagiza uchunguzi. Kelele zilipigwa nchi nzima, nami nilipiga pia. Lakini niliwaelewa wenye mashamba. Mti umekaa kwenye shamba la babu yako miaka mia kadhaa, hakuna aliyewahi kukulipa hata peni kwa kuutunza, na siku ukiuuza ndipo unaambiwa ni urithi wa taifa.

Sasa niseme ambalo baadhi ya wenzangu hawapendi nikilisema. Tunapenda kuzungumza juu ya wezi kwa sababu mwizi ana sura. Ila katika nchi hii, mimea mingi adimu haiibwi, inafukiwa. Msitu wa Witu, kaunti ya Lamu, una yuforbia iitwayo Euphorbia tanaensis. Si kimea cha dirishani, ni mti unaoweza kufika meta 30. Mwaka 2012 ilipotolewa orodha ya viumbe 100 walio ukingoni kabisa mwa kutoweka duniani, mti huo ulikuwamo, na miti iliyokomaa iliyojulikana isingejaza darasa moja la shule za hapa. Hakuna mkusanyaji aliyeifikisha hapo. Ni mashoka, mashamba na ujenzi.

Machimbo ya mawe, kokoto, barabara, reli, mashamba mapya: vyote hivyo vinapenda kilima kile kile cha mawe ambacho sakulenti hukipenda, kwa kuwa kilima hicho kinaonekana hakina kazi. Nyinyi wa Kibera mnaijua alama ya X nyekundu ukutani. Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa hapa kupisha barabara, na angalau alama ilitangulia, kukawa na la kubishania. Mmea kwenye kilima cha kokoto haupakwi alama. Kisheria mradi mkubwa unatakiwa uwe na tathmini ya athari kwa mazingira, inayopelekwa kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, na majina ya mimea hutakiwa yaandikwe humo. Nimesoma tathmini za aina hiyo ambazo ukurasa wa mimea ungefaa mradi wowote, Turkana au Kwale: "vichaka na nyasi za kawaida." Kijana akikutwa na gunia la yuforbia anashtakiwa. Tingatinga likipita juu ya kilima chote, lina kibali. Nisieleweke kwamba kijana aachiwe. Nasema kwamba kama tuna maafisa kumi wa kulinda mimea hii, nane wangefaa kukaa wakisoma tathmini.

Adui wa tatu nitamgusa haraka. Ni sakulenti pia, ila mgeni: mpungate kutoka Amerika, Opuntia stricta, ulioletwa Laikipia enzi za ukoloni ukiwa wa kupandwa ua. Umesambaa Doldol na Mukogodo hadi umemeza malisho. Mbuzi wanaokula matunda yake wanaumia midomo na macho, na mishubiri ya asili inakosa pa kusimama. Watafiti wamewaachilia wadudu wa kuufyonza, na mahali pengine unanyauka. Nautaja kwa sababu wapo wafadhili wanaogawa mipungate kwa jina la kupambana na ukame. Mkiletewa, ulizeni jina lake kwanza.

Mama mmoja aliniuliza pale nje kabla hatujaanza: ikiwa kuchimba ni kosa, vipi kukata kipande na kukipanda? Mama yangu, swali lako ndilo lililonileta. Vijana wengi wa vitalu vya Ngong Road na Naivasha Road, wengine wamekaa humu, wana ufundi ambao Afrika Kusini ingeuhitaji mapema. Wanajua kukata tawi la yuforbia, kuosha utomvu mweupe bila kuusogeza karibu na macho, kuacha jeraha likauke kivulini wiki nzima kabla ya kulichomeka kwenye mchanga. Mmea mmoja uliopatikana kihalali unaweza kutoa hamsini. Mteja wa Kileleshwa akipata wa kitalu, mnyoofu, wenye mizizi myororo, kwa bei ya soda mbili, hana haja ya kumlipa mtu aende Magadi na jembe.

Ila vipande peke yake havitoshi, kwa sababu niliyoieleza. Vipande hamsini vya mmea mmoja ni mmea mmoja. Vikichanua pamoja havitazaa mbegu. Kitalu kinachotaka kusaidia kweli lazima kiwe na mimea ya damu tofauti, na kiandike ulikotoka kila mmoja. Tena mishubiri huoana kwa urahisi mno. Weka aina mbili karibu, chozi atazichanganya, na miche itakayoota itakuwa mizuri kwa macho lakini haitafaa kurudishwa porini. Hiyo iuzwe kama maua, na muuzaji asimdanganye mtu kuwa ni ya asili.

Kuutambua mmea uliochimbwa porini ni rahisi ukizoea. Mmea wa porini una makovu, ncha za majani zimekauka, mara nyingi umepinda upande mmoja kwa kuwa uliegemea jiwe. Mizizi mikubwa imekatika na ile myembamba haipo. Ukiona kumi mezani, kila mmoja na umri wake na kilema chake, hiyo haikuota kitaluni. Mimea ya kitaluni hufanana. Ukikuta hivyo, usimpigie muuzaji kelele sokoni, huenda hata yeye kauziwa. Muulize tu nani alimletea, na umwambie hununui.

Wale watakaotaka kuanza na mbegu, tumekubaliana na mwenyekiti kwamba tutaanza na secundiflora, maana si adimu na tukiharibu hatujamuua mtu. Tutahitaji mimea miwili au zaidi kutoka nyumba tofauti, isiyo ya ndugu. Tunda lake likikauka hupasuka pande tatu na mbegu zake nyepesi huchukuliwa na upepo, kwa hiyo tawi lifungwe kitambaa chepesi mapema, nailoni hapana, itaozesha. Mbegu zisambazwe juu ya mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, zifunikwe kwa mchanga mwembamba tu, na maji yanyunyizwe, yasimwagwe. Baada ya wiki mbili hadi nne zitaanza kutoa kijani. Kuuza miche ya mishubiri ni jambo la kibali, na fomu ni za KWS pale Lang'ata, si mbali na hapa. Tutakwenda kama kikundi, kwa sababu mtu mmoja mmoja huambiwa arudi kesho.